Mahakama ya Juu Haikuhalalisha Ndoa ya Jinsia Moja

"Wakili, ikiwa Mahakama ya Juu ilishahalalisha ndoa za jinsia moja, Bunge linangoja nini kuufuta uamuzi huo?" Swali hili nimeulizwa na mchungaji, nikaulizwa na mwalimu, na juzi nikaulizwa na mama mwenye nyumba za kupangisha aliyetaka kujua kama sasa anaweza kushtakiwa. Wengine hunijia kutoka upande wa pili: kijana anataka kujua ajaze fomu gani kwa msajili wa ndoa, kwa kuwa amesikia njia imefunguliwa. Mchungaji na kijana huyo hawakubaliani kwa lolote, lakini wote wawili wameamini uongo mmoja.

Mahakama ya Juu ya Kenya haijahalalisha ndoa ya jinsia moja. Haikuombwa kufanya hivyo. Kesi iliyoamuliwa tarehe 24 Februari 2023 ilihusu jina la shirika. Mwaka 2012, mwanaharakati Eric Gitari alitaka kusajili shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji. Bodi ya Uratibu wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ikayakataa majina yote yenye maneno hayo, kwa hoja kwamba Kanuni ya Adhabu inaharamisha ngono ya jinsia moja. Gitari alishinda Mahakama Kuu mwaka 2015, akashinda tena Mahakama ya Rufaa mwaka 2019, kisha Mahakama ya Juu ikaikataa rufaa ya Bodi kwa majaji watatu dhidi ya wawili. Philomena Mwilu, Smokin Wanjala na Njoki Ndungu walikuwa upande wa wengi. Mohamed Ibrahim na William Ouko walipinga.

Majaji hao watatu waliamua kwamba kifungu cha 36 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kujiunga na wenzake katika chama, na kwamba kumnyima mtu usajili kwa sababu ya mwelekeo wake wa kimapenzi ni ubaguzi unaokatazwa na kifungu cha 27. Basi. Hakuna amri iliyotolewa kwa msajili wa ndoa, wala hakuna neno lililobadilishwa katika Sheria ya Ndoa. Hata vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, ambavyo vinatishia kifungo cha hadi miaka 14, vilibaki palepale. Mbunge wa Homa Bay Mjini, George Peter Kaluma, aliiomba mahakama hiyohiyo iupitie upya uamuzi wake, na Septemba 2023 ombi likatupwa. Watu wakaandamana Mombasa na Nairobi. Kuandamana ni haki yao. Kinachoniudhi ni kwamba wengi niliozungumza nao walidhani wanapinga ndoa.

Uvumi huu una gharama. Mpangaji anafukuzwa chumbani kwa sababu mwenye nyumba ameambiwa kwamba "sheria mpya" itamlazimisha kukubali harusi uani kwake. Kijana naye anajitokeza ofisini mwa serikali akidhani analindwa, kumbe anajitangaza mbele ya sheria ya jinai ambayo bado ina meno. Uamuzi umechapishwa na unasomeka bure. Mtu anayepanda mimbarini au kushika kipaza sauti cha redio kuuelezea bila kuusoma anawadhuru watu wenye majina na watoto, na sioni namna ya kulisema hilo kwa upole.

Ndoa yenyewe iko kwingine. Kifungu cha 45(2) cha Katiba kinasema kila mtu mzima ana haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti, kwa hiari ya wote wawili. Sheria ya Ndoa ya 2014, katika kifungu cha 3, inaitaja ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Wapo mawakili wenzangu wanaosema kwamba kifungu cha 45 kinatoa haki moja bila kukataza nyingine. Wanakilinganisha na Katiba ya Uganda, ambayo tangu marekebisho ya 2005 inapiga marufuku waziwazi ndoa ya watu wa jinsia moja. Ni hoja ya kisheria yenye uzito wake, lakini haijafika Mahakama ya Juu, na hakuna msajili atakayeifanyia kazi akiwa na kifungu cha 3 mezani. Na anayetaka maneno ya kifungu cha 45 yenyewe yabadilike ajue kwamba yamo ndani ya Sura ya Haki. Marekebisho ya sura hiyo hayapiti bila kura ya maamuzi, na katika angalau nusu ya kaunti lazima wapiga kura waliosajiliwa wasiopungua asilimia 20 wajitokeze. Jaji hawezi kulifanya hilo kimyakimya siku ya Ijumaa.

Hapo huja hoja ya mwisho: "Ni hatua ya kwanza. Leo chama, kesho ndoa." Hoja hii si ya mitaani pekee. Mei 2019, Mahakama Kuu ilipokataa kuvifuta vifungu vya 162 na 165, majaji walisema kwamba kuvifuta kungegongana na kifungu cha 45(2). Naiheshimu mahakama hiyo, lakini ulimwengu hauendi hivyo. India ilifuta kosa la ngono ya jinsia moja Septemba 2018. Oktoba 2023 Mahakama ya Juu ya India ikakataa kutambua ndoa za jinsia moja, ikasema hiyo ni kazi ya Bunge. Botswana ililifuta mwaka 2019, Mahakama ya Rufaa ikathibitisha mwaka 2021, na ndoa hizo bado hazitambuliwi huko. Afrika Kusini ilifika kwenye ndoa mwaka 2006, lakini kwa kesi nyingine kabisa, ya Fourie, kisha kwa sheria ya Bunge. Kusajili chama, kuacha kuadhibu tendo na kutambua ndoa ni maswali matatu, na kila moja hudai kesi yake au kura yake.

Kuna pia wanaonitajia ndoa za mwanamke kwa mwanamke miongoni mwa Wanandi, Wakamba na Wakuria. Ndiyo, Mahakama Kuu mjini Mombasa iliitambua moja mwaka 2011 katika kesi ya mirathi. Lakini mwanamke asiye na mtoto wa kiume huoa ili nyumba yake ipate warithi, si kwa mapenzi ya kimwili. Mila hiyo ina heshima yake; isiburutwe kwenye ugomvi usio wake.

Sasa ya kufanya, haraka, kwa wawili wowote wanaoishi pamoja bila ndoa inayotambuliwa. Hati ya kiapo ya "ndoa" acheni: kamishna wa viapo anashuhudia tu kwamba umeapa. Cheti cha Toronto au Cape Town kina nguvu huko. Hapa wahusika lazima wawe na uwezo wa kuoana kwa sheria yetu. Mkinunua kiwanja, jueni kwamba chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, umiliki ambao sehemu ya marehemu humwendea aliyebaki moja kwa moja ni wa wanandoa tu, labda mahakama iruhusu. Nyinyi mtasajiliwa kwa mafungu, na fungu la marehemu litaingia kwenye mirathi, kwa hiyo andikeni wosia. Mwislamu akumbuke mpaka wa thuluthi ya mali katika wosia. Mashahidi wawe wawili na wasiwe wanaopewa mali, maana zawadi ya shahidi hubatilika pasipokuwa na mashahidi wengine wawili. Wosia wa mdomo hufa baada ya miezi mitatu. Idhini ya uwakili huisha aliyeitoa anapofariki, msiitegemee kwa mirathi. Kwa hospitali, Sheria ya Afya ya 2017 inakuruhusu kumteua kwa maandishi mtu wa kukutolea idhini ya matibabu. Na fomu ya uteuzi ya mfuko wenu wa pensheni ijazeni upya, kwa sababu nyingi ninazoletewa bado zina jina la mzazi aliyekwisha kuzikwa.