Joto la ardhini halifai kwa mpunga wa Kabambare

Kusini mwa mkoa wa Maniema, nchini Kongo (DRC), mavuno ya Januari huangukia ndani ya mvua. Mpunga na mahindi ya Kasongo na Kabambare huingia nyumbani na maji yake. Kilo 100 za mpunga wenye unyevu wa asilimia 24 zinapaswa kutoa zaidi ya kilo 11 za maji ndipo zifike asilimia 14, kiwango salama cha kuhifadhi. Yasipotoka, ukungu wa Aspergillus flavus hushamiri, hasa kwenye mahindi na karanga, na kuacha sumu ya aflatoksini. Kupika hakuiondoi. Huharibu ini, na aliye na virusi vya homa ya ini B huwa hatarini zaidi kupata saratani. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, kati ya 317 walioripotiwa kuugua.

Uingereza wapo wakulima wanaokausha nafaka kwa pampu ya joto la ardhini. Mabomba hufukiwa, maji hupita humo yakizoa joto, kisha mtambo unaofanya kazi kama friji hulikuza na kupasha hewa inayopulizwa ghalani. Uniti moja ya umeme huleta uniti tatu hadi nne za joto.

Mtambo mzuri, ila wa nchi za baridi. Mita kadhaa chini, udongo hushika wastani wa joto la hewa la mwaka. Ulaya kukiwa na baridi, udongo huishinda hewa kwa joto. Faida iko hapo. Kabambare, karibu na ikweta, udongo na hewa havipishani sana kwa joto. Na umeme wenyewe uko wapi? Eburru, Kenya, mvuke wa ardhini umekausha pareto tangu enzi za ukoloni, lakini huo ni wa volkano za Bonde la Ufa.

Hewa ikipashwa nyuzi 10 tu, unyevunyevu wake hupungua karibu nusu. Kazi hiyo bati jeusi chini ya plastiki angavu huiweza bila umeme, mradi hewa ipite. Siku za mvua, tanuri la maganda ya mpunga husaidia, moshi ukitolewa nje kwa bomba usiguse nafaka. Mbegu zisizidi nyuzi 43, la sivyo zitakufa.

Kupima mahindi ni rahisi: yatie kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, subiri robo saa. Chumvi ikinata ubavuni mwa chupa, unyevu bado umezidi asilimia 15, yarudishe juani.