Baada ya Ajali, Nani Anahesabu Waliosimama Tena?

Mtu aliyevunjika mfupa wa paja utajuaje kuwa amepona, hasa pale ambapo eksirei ni ghali na nauli ya kurudi hospitali inashindikana? Watafiti waliofanya kazi na wagonjwa wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, walichapisha mwaka 2019 njia nyepesi: mgonjwa achuchumae kadiri awezavyo, atabasamu, apigwe picha. Goti lililokakamaa halifichiki, na maumivu huonekana usoni. Anayechuchumaa hadi chini bila kukunja uso, mara nyingi mfupa wake umeunga.

Wagonjwa wa namna hii wengi hutembea na chuma ndani ya paja. Mwaka 1999 daktari wa upasuaji wa Marekani, Lewis Zirkle, alianzisha shirika la SIGN, ambalo lilibuni chuma cha kupitishwa ndani ya uvungu wa mfupa. Kifaa cha nje humwelekeza daktari mahali pa kufunga skurubu, hivyo upasuaji hauhitaji mashine ya eksirei mezani. Bila chuma cha aina hiyo, dereva wa bodaboda aliyevunjika paja hulazwa chali kwa wiki nyingi, mguu ukivutwa na uzito.

Kulala huko kuna gharama. Nchini Uholanzi, vijana 24 wenye afya njema walikubali kufungwa hogo mguu mmoja, nusu yao kwa siku 5 na wengine kwa siku 14. Siku 5 tu zilipunguza nguvu za misuli ya paja kwa asilimia 9. Siku 14, karibu asilimia 23. Na hao hawakuwa wamevunjika popote!

Mfupa nao haujengeki kwa kupumzika tu. Damu iliyoganda penye mvunjiko hupisha gegedu, gegedu hupisha mfupa mchanga, kisha mfupa huo hujipanga upya kwa miezi, hata miaka, ukifuata uzito unaobebeshwa. Julius Wolff wa Ujerumani aliieleza kanuni hiyo mwaka 1892. Ndiyo maana mtaalamu wa fiziotherapia humwinua mgonjwa mapema baada ya upasuaji, huku ndugu wakinung'unika kwamba anamtesa mtoto wao. Hamtesi. Anamwokolea mguu.

Kazi hiyo ya kumrudishia majeruhi uwezo wake, yaani utengamao, karibu haimo katika hesabu za usalama barabarani. Novemba 2017 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana malengo 12: barabara salama, mwendo, kofia ngumu, mikanda, ulevi, simu. Lengo la 12 ni kufupisha muda kati ya ajali na huduma ya kwanza ya kitaalamu. Orodha inakomea hapo, mlangoni pa hospitali. Mpango wa dunia wa Muongo wa Usalama Barabarani wa 2021–2030 unautaja utengamao, lakini hakuna lengo linalopima nani alirudi kazini. Wakati huohuo, mbali na watu milioni 1.19 waliokufa barabarani mwaka 2021, wanaojeruhiwa kila mwaka bila kufa ni kati ya milioni 20 na 50.

Jimbo la Victoria, Australia, lilichagua njia nyingine. Tangu 1987 kila anayesajili gari huchangia mfuko wa Tume ya Ajali za Usafiri. Majeruhi hulipiwa matibabu na mazoezi bila kwanza kuulizwa kosa lilikuwa la nani. Kinachonivutia zaidi ni kilichofuata: kwa kuwa Tume ndiyo inayobeba gharama za miaka mingi za kila mguu uliovunjika, tangu 1989 imekuwa ikigharamia kampeni kali dhidi ya mwendo kasi na ulevi. Anayelipia utengamao ana sababu ya kuzuia ajali.

Tanzania tuna bima ndogo ya magari, ile ya kumfidia mtu mwingine aliyeumizwa, na ni lazima kisheria. Lakini anayedai lazima athibitishe kosa la dereva, ilhali goti halingoji hukumu. Na dereva wa bodaboda aliyeteleza mwenyewe kwenye mchanga hana wa kumdai. Sehemu ya ada ya bima hiyo ingeweza kuwekwa kando kwa ajili ya fiziotherapia katika hospitali za wilaya, kwa kila majeruhi, mwenye kosa na asiye na kosa. Na taarifa za ajali zinazotaja waliokufa na waliojeruhiwa ziongezewe safu ya tatu: waliorudi kazini baada ya mwaka mmoja.