Kamba Hukatikia Pembamba: Mfuko wa Karatasi wa Mchele Usiopasuka

 

Katika kipindi cha leo hatuzungumzii kupanda wala kupalilia. Tuchukue kwamba mpunga umekwisha vunwa, umeanikwa, umekobolewa mashineni, na mchele sasa uko ndani. Leo tunazungumzia safari yake ya mwisho, kutoka mikononi mwa mkulima mpaka jikoni kwa mnunuzi. Siku hizi sehemu ya safari hiyo hufanyika ndani ya mfuko wa karatasi. Mfuko huo ukipasuka njiani, jasho la msimu mzima humwagika chini.

Kama mnavyojua, tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini Tanzania. Tangu wakati huo watu wengi, hasa akina mama na vijana, wameingia katika kazi ya kukunja mifuko ya karatasi. Ni kazi njema, haihitaji mtambo. Lakini mfuko wa kubebea mkate si sawa na mfuko wa kufungia kilo 2 za mchele utakaopanda basi kutoka Kyela, upite Tukuyu, ufike Mbeya. Huu wa pili una kazi nzito.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme mama mmoja wa Ipyana anauza mfuko wa kilo 2 kwa shilingi 6,000, na katika hizo faida yake ni shilingi 300. Mfuko mmoja ukipasuka stendi na mchele ukaingia tope, amepoteza shilingi 6,000. Kuzirudisha inabidi auze mifuko mingine 20. Maana yake ni kwamba katika kila mifuko 20 ukipasuka mmoja tu, mama huyu amefanya kazi ya bure. Sasa, kama kuimarisha mfuko kunaongeza gharama ya shilingi 30, je, si afadhali azitoe?

Najua yuko mtu anayesema hapo alipo: "Bwana shamba, dawa yake si kununua karatasi nene zaidi?"

La, mama. Subiri kwanza. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Na mfuko ni hivyo hivyo. Chukua mifuko yako iliyopasuka uiangalie vizuri. Mara nyingi utakuta karatasi yenyewe katikati ni nzima. Palipoachia ni penye gundi, au kwenye kona ya kitako, au kwenye mkunjo, au mahali palipolowa. Ukinunua karatasi nene na kuacha maungio yale yale mabovu, umetupa fedha. Basi, tuyatazame hayo mambo moja moja.

KWANZA: IJUE KARATASI YAKO

Karatasi ni nyuzi za mti zilizoshikana. Nyuzi zikiwa ndefu, karatasi huwa na nguvu. Ndiyo sababu karatasi ya kaki, ile ya kahawia, inashinda karatasi ya gazeti. Kaki nzuri hutokana na miti yenye nyuzi ndefu kama misindano, na mbao hupikwa kwa dawa bila kusaga nyuzi zikakatika. Njia hiyo ilibuniwa na Mjerumani Carl Dahl katika karne ya 19, na jina lake la Kijerumani, kraft, maana yake ni nguvu. Hapa kwetu karatasi ya namna hiyo imetengenezwa Mgololo, wilayani Mufindi, katika kiwanda kilichoanza kazi mwaka 1985 karibu na misindano ya msitu wa Sao Hill.

Karatasi ya viwandani ina mkondo wa nyuzi. Wakati inatengenezwa, nyuzi nyingi hulala kuelekea upande mmoja, kama majani ya mpunga yaliyolazwa na maji. Kwa kuufuata mkondo huo karatasi huvumilia zaidi kuvutwa. Kwa kuukata mkondo, hutanuka zaidi kidogo lakini nguvu yake ni ndogo.

Utaujuaje? Ichane karatasi pande mbili. Upande inakochanika kwa kunyooka ndiko nyuzi zinakoelekea. Au kata kipande cha mraba ukilowanishe uso mmoja tu. Kitajikunja kama bomba, na bomba hilo hulala sambamba na nyuzi. Ukishaujua mkondo, panga karatasi ili nyuzi zisimame kutoka kitakoni kwenda mdomoni. Hapo mfuko utavumilia kuinuliwa, na mchele ukisukuma ubavuni, karatasi itatanuka kidogo badala ya kupasuka.

Ukitaka unene, tumia karatasi mbili nyembamba, moja ndani ya nyingine. Usitumie moja nene. Karatasi nene ni ngumu, hukatika kwenye mkunjo. Mbili nyembamba hulainika, huteleza moja juu ya nyingine na kugawana mzigo. Utazame mfuko wa saruji. Unabeba kilo 50, na mara nyingi umetengenezwa kwa karatasi zaidi ya moja.

Hapa nitoe onyo. Mfuko wa saruji ni mwalimu wa kutazama tu. Msiukate na kuufanya mfuko wa mchele. Vumbi la saruji huunguza ngozi, macho na koo, na kukung'uta hakuliondoi lote. Magazeti nayo yana wino. Chakula kifungwe katika karatasi mpya.

PILI: UMBO LA MFUKO

Nafaka ndani ya mfuko haikai kimya kama tofali. Inasukuma kando. Na jinsi mfuko unavyokuwa mpana, ndivyo ukuta wake unavyovutwa zaidi. Kwa msukumo ule ule, upana ukizidi mara mbili, mvuto kwenye ukuta nao huzidi karibu mara mbili. Kwa hiyo mfuko mwembamba wenye urefu wa kiasi ni imara kuliko mfuko mpana mfupi wa karatasi ile ile. Lakini usiurefushe mno hata ukashindwa kusimama.

Haya, chukueni kalamu muandike vipimo vya mfuko wa kilo 2. Lita moja ya mchele ina uzito wa kama gramu 800, kwa hiyo kilo 2 zinahitaji lita 2 na nusu. Kitako chenye upana wa sentimita 12 na kina cha sentimita 8 kitajaa mpaka kimo cha sentimita 26.

Kuzunguka mfuko ni sentimita 40. Ongeza sentimita 3 za kupandisha gundi. Hivyo upana wa karatasi ni sentimita 43. Urefu wake ni sentimita 26 za mchele, 6 za kukunja kitako, na 9 za juu. Katika hizo 9 za juu, 3 ni za nafasi na 6 ni za kukunja mdomo mara mbili. Jumla sentimita 41.

Msiidharau ile nafasi ya sentimita 3. Mfuko uliojazwa mpaka ukavimba kama lumbesa hauna pa kukimbilia unapoanguka. Mchele unaposogea, nguvu yote inaangukia maungio. Wakati wa kujaza, ugonge mfuko mezani taratibu ili mchele ukae, kisha funga. Kwa unga ni muhimu zaidi, maana unga huingia na hewa nyingi, na hewa hiyo lazima itoke kabla ya kufunga.

TATU: MAUNGIO NA KITAKO

Maungio ya ubavuni yapandane sentimita 3, na gundi ifike mpaka kwenye ukingo. Gundi ya madoadoa haifai. Doa moja likiachia, jirani yake hubeba mzigo wa wawili, naye huachia, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Paka gundi nyembamba iliyoenea, kisha weka ubao na jiwe juu mpaka ikauke kabisa.

Gundi ya nyumbani ni rahisi. Kikombe 1 cha unga wa muhogo kwa vikombe 6 vya maji. Koroga unga kwa maji ya baridi kwanza, ndipo upike huku unakoroga mpaka uji ung'ae. Uache upoe. Tumia siku hiyo hiyo au kesho yake, maana gundi iliyochacha haishiki na hualika wadudu. Wako watu wanaotia mrututu ili gundi isioze. Ndugu zangu, mrututu ni wa kupulizia mimea. Ni sumu, usikaribie mfuko wa chakula.

Kitako ndipo penye vita. Mfuko ukianguka, kitako hupokea pigo, na kona zake ndizo hupasuka kwanza. Mikunjo miwili ya kitako ipandane sentimita 4. Halafu weka ndani kipande cha karatasi ngumu, pungufu kidogo ya kitako, na kona zake uzikate kwa mviringo. Kona kali hutoboa. Mkunjo usiusugue kwa ukucha au kisu mpaka ukawa kama wembe, kwa kuwa kila mkunjo mkali umekwisha kata nyuzi.

Mdomo ukunje mara mbili ndipo ufunge. Ukipenda kushona, kumbuka kwamba kila tundu la sindano ni mwanzo wa mchaniko, hasa matundu yakikaribiana. Basi kunja kwanza kipande cha karatasi juu ya mdomo, ushone kupitia hicho.

NNE: UNYEVU, ADUI MKUBWA WA KYELA

Mambo yote niliyosema yanaweza kuharibiwa na maji. Karatasi ya kawaida ikilowa kabisa hubaki na kama sehemu moja tu katika kumi ya nguvu zake, au chini ya hapo. Na si mvua tu. Karatasi hunyonya hata unyevu wa hewani. Bonde la Kyela hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mwezi wa Aprili hata nguo kabatini huwa na unyevunyevu. Mfuko uliojaribiwa Oktoba ukafaulu, unaweza kushindwa Aprili.

Kwa hiyo: mchele uwe mkavu sawasawa, unyevu usizidi sehemu 14 katika mia. Mchele uliotoka mashineni ukiwa moto uache upoe, la sivyo jasho lake litalowanisha karatasi kwa ndani. Mifuko ikae juu ya kichanja, mbali na ukuta, isiguse sakafu. Garini ifunikwe turubai, na ipangwe kama matofali, kila mmoja ukilalia miwili. Lakini msianike mifuko mitupu juani mchana kutwa. Karatasi iliyokauka kupita kiasi nayo huvunjika.

Hapo plastiki ina nguvu kuliko karatasi, hatuwezi kuficha. Ila karatasi nayo ina jambo lake. Inapumua. Kutoka Kyela, kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, gari linapanda mpaka Tukuyu penye zaidi ya mita 1,500. Mfuko uliozibwa usipitishe hewa huvimba kwa kupanda huko. Wa karatasi hauvimbi, hewa inatoka yenyewe.

TANO: JARIBU KABLA YA KUUZA

Usimwachie mnunuzi akujaribie mfuko. Tengeneza mitano, ujaze mchele wa kweli, uiache barazani usiku kucha ili inywe unyevu wa mahali. Asubuhi tandika turubai safi. Inua mfuko mpaka kiunoni, kama sentimita 90, uuachie uanguke kwa kitako. Kisha kwa ubavu. Kisha kwa kona. Rudia mpaka upasuke, na uandike mambo mawili: umeanguka mara ngapi, na umepasukia wapi.

Ukipasukia kwenye gundi, tengeneza gundi. Ukipasukia kona ya kitako, imarisha kitako. Badilisha jambo moja tu kila mara, ujue lililosaidia ni lipi. Ikiwa katikati ya karatasi ndiko kunakopasuka kwanza, huku maungio yote ni mazima, hapo sasa, mama, ndipo ununue karatasi nene au uongeze ya pili. Hapo fedha yako haitapotea.

Mwisho niseme wazi mipaka ya jambo hili. Mfuko uliokunjwa kwa mkono unafaa kwa kilo 1, 2, na kwa uangalifu hata 5. Mpunga wa gunia ubaki kwenye gunia. Na karatasi haizuii wadudu, kwa hiyo si ya kuhifadhia nafaka miezi mingi. Ni ya kuuzia mchele utakaoliwa karibuni.

Mchele wa Kyela una jina kubwa nchini kwa harufu na ladha yake. Mnunuzi wa Mbeya au Dar es Salaam hakuoni wewe ulipoinama bondeni ukipandikiza. Anachokiona ni mfuko. Basi ufike mzima.

Kwa leo tunaishia hapo. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kiwe na kitako! Kwaherini, na kazi njema.