Dansi ya Zamani na Kamera Zilizochelewa

Historia ya muziki wa dansi Tanzania Bara ina pengo ambalo historia ya jazi ya Marekani haina kwa kiasi hicho, kwani sauti za wanamuziki wa mwanzo wa dansi zilihifadhiwa katika santuri na baadaye katika kanda za redio, ilhali sura zao, namna walivyoshika vyombo na jinsi watu walivyocheza mbele yao ni mambo yaliyopigwa filamu kwa nadra sana. Huko Marekani, mara sauti ilipounganishwa na picha mwishoni mwa miaka ya 1920, watengenezaji wa filamu waliwaendea wanamuziki weusi bila kukawia, hata ikawa kwamba mwaka 1929 pekee Bessie Smith alionekana katika St. Louis Blues, na Duke Ellington pamoja na bendi yake katika Black and Tan. Katika Stormy Weather ya mwaka 1943, ndugu wawili, Fayard na Harold Nicholas, wanashuka ngazi kwa kurukana kwa zamu, kila mmoja akitua miguu imetanuka hadi chini, na anayetaka kujifunza uchezaji wa zama zile anaweza kuufuata hatua kwa hatua.

Tanganyika nayo haikukosa kamera. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, kulikuwa na mradi wa majaribio ya sinema ya elimu kwa Waafrika, uliogharimiwa kwa sehemu kubwa na shirika la Carnegie la Marekani na kuongozwa kwa upande wa utengenezaji na Meja L. A. Notcutt. Mradi huo ulitengeneza filamu 35 hivi, zikiwamo za kilimo, kodi na ugonjwa wa safura, zikazungushwa katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki na Kati. Sauti haikuwa ndani ya utepe wa filamu bali katika sahani iliyochezwa kando, hivyo ilikuwa kazi ngumu kuifanya iende sambamba na picha, na kwa utaratibu wa namna hiyo ingekuwa vigumu zaidi kumwonyesha mpiga gitaa ambaye vidole vyake na mlio wake vinapaswa kukutana. Hata hivyo ufundi haukuwa kizuizi kikubwa kuliko nia, kwa sababu dansi, yaani muziki wa mjini wa kuchezwa wawili wawili kwa mitindo kama foksi, wolsi na rumba, haukuwa somo ambalo wakoloni walitaka kulifundisha, ingawa Dar es Salaam Jazz Band ilikuwa imekwisha kuanzishwa tangu mwaka 1932.

Mfano ulio wa ajabu zaidi ni Men of Two Worlds ya mwaka 1946, filamu ya Kiingereza ambayo baadhi ya picha zake zilipigwa Tanganyika, na ambayo inamhusu Kisenga, mpiga piano anayerejea kutoka London kusaidia kuwahamisha watu wake kutoka eneo lenye malale, maradhi ambayo watu wa Biharamulo na maeneo jirani waliyajua vizuri. Mwanamuziki wa Tanganyika alipata nafasi ya mbele katika sinema, lakini mwigizaji wake, Robert Adams, alitoka Guyana, muziki wake, uliopewa jina la Baraza, ulitungwa na Mwingereza Arthur Bliss, na piano inayosikika ilipigwa na Eileen Joyce, mwanamke wa Australia. Filamu za Kiswahili zilizofuata mwanzoni mwa miaka ya 1950, kama Muhogo Mchungu, zilimfanya Rashidi Kawawa ajulikane kwa sura kabla ya kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962; Salum Abdallah, aliyeanzisha bendi ya Cuban Marimba mjini Morogoro mwaka 1948, hakupata mtaji wa namna hiyo.

Uhuru haukuliziba pengo hilo, kwa kuwa serikali iliiona televisheni kuwa anasa na kuipa redio kipaumbele. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwaka 1973, lakini Bara ilisubiri hadi 1994. Salum Abdallah alikuwa amefariki tangu 1965, na mwanamuziki mwenzake Mbaraka Mwinshehe, ambaye alikuwa amefika na bendi ya Morogoro Jazz hadi maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, alifariki 1979. Kwa msikilizaji wa Kimwani, wilayani Muleba, watu hao walikuwa sauti itokayo redioni, na umbo la mwili wao lilibaki kazi ya kuwaza.

Wapiga nanga wa Buhaya walipatwa na hali hiyohiyo. Nanga ni chombo cha nyuzi kilichochongwa mtini mithili ya hori, ambacho mpigaji hukipiga huku akighani habari ndefu za mashujaa, na Hugh Tracey aliyerekodi muziki wa Tanganyika mwaka 1950 aliichukua sauti yake bila mwendo wa mikono, jambo linalomnyima mwanafunzi wa leo nusu ya somo. Mwimbaji Saida Karoli wa Bukoba alipovuma mwanzoni mwa miaka ya 2000, video ilikuwa imekwisha kuenea, na Watanzania walimwona akicheza siku zilezile walizoanza kumsikia.