Ruzuku za Utafiti: Zitokako, na Masharti Yaendayo Nazo

Mtu aonapo gari lenye namba za SU limesimama chini ya mbuyu katika kijiji kimoja cha Ikungi, na vijana wawili watatu wameketi na mkulima wakimhoji habari za alizeti yake, mbegu aliyopanda, magunia aliyovuna na bei aliyouzia, aghalabu hudhani kuwa chuo kimewatuma watu hao na chuo hichohicho kimewalipa. Dhana hiyo ina ukweli nusu. Mshahara wa mwalimu wa chuo cha umma hutoka Hazina kila mwezi, awe ametafiti au hakutafiti. Bali dizeli ya gari lile, posho ya wadadisi, gharama ya kupima mbegu maabara, hata shajala walizoshika mikononi, hutoka katika fungu jingine liitwalo ruzuku ya utafiti, ambalo kulipata ni mashindano na kulitumia ni sheria tupu. Muradi wa makala haya ni kueleza fungu hilo hutoka wapi, hutolewa kwa masharti gani, na kwa nini jambo lidhaniwalo kuwa la wasomi peke yao lina uzito kwa mkoa kama Singida, ambao wasomi wake wengi wamo katika matawi na vituo, kama tawi la Taasisi ya Uhasibu Tanzania na kituo cha Chuo Kikuu Huria, wala si katika makao makuu ya vyuo.

Taifa lilitambua mapema kwamba utafiti usiosimamiwa na dola huenda kule atakako mwenye fedha. Mwaka 1968 ilitungwa sheria ya kuunda Baraza la Taifa la Utafiti wa Kisayansi, lililojulikana kwa jina la UTAFITI. Kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 1986 baraza hilo likarithiwa na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, yaani COSTECH. Na mwaka 1995 chini ya Tume hiyo ukaanza Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia, ambao kwa kifupi huitwa MTUSATE. Huo ndio mlango wa nyumbani. Fedha zake hazigawiwi kwa kila aombaye; Tume hutangaza mwito wenye maudhui mahsusi, walimu na watafiti huandika maandiko yao, nayo husomwa na wataalamu wa fani husika, wakapima kama swali lina maana, kama njia ya kulijibu ni sahihi, na kama bajeti inalingana na kazi. Ila ya mfuko huu si utaratibu wake, bali uchache wa yaliyomo ndani yake. Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana huko Khartoum mwaka 2006 kwamba kila moja itenge walau asilimia 1 ya pato lake la taifa kwa ajili ya utafiti, na Tanzania, kama nchi nyingi za jirani, haijafikia kiwango hicho.

Mlango wa pili ni vyuo vyenyewe, ambavyo vimeanza kutenga fedha kutoka mapato yao ya ndani. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina mpango uitwao SUARIS, ambao walimu wake hushindania ruzuku za chuo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kimekuwa na mashindano ya namna hiyo. Ni fedha chache, lakini kwa mhadhiri kijana ambaye hajapata kuendesha mradi wowote ni mahali pa kujifunzia kuandika bajeti, kuongoza wenzake na kutoa hesabu bila ya kufedheheka mbele ya mfadhili wa ng'ambo.

Mlango wa tatu, ambao kwa muda mrefu ndio uliopitisha sehemu kubwa ya fedha, ni ule wa nje. Sweden imesaidia utafiti wa vyuo vyetu tangu miaka ya 1970. Norway imekuwa mshirika wa Sokoine kwa miongo kadhaa. RUFORUM, jumuiya ya vyuo vya Afrika vinavyofundisha kilimo iliyoanzishwa mwaka 2004 na yenye makao Kampala, hutoa ruzuku ambayo mwalimu huipata kwa sharti la kuwalea ndani yake wanafunzi wa shahada ya uzamili. CODESRIA ya Dakar huwaangalia watu wa sayansi za jamii. Kwa wanaoanza iko IFS ya Stockholm, wakfu ulioasisiwa mwaka 1972, ambao kwa miaka mingi ulitoa ruzuku isiyozidi dola 12,000 kwa mtafiti mmoja. Mimi naihesabu ruzuku ndogo ya namna hiyo kuwa na faida kuliko kuwa mtu wa saba katika mradi wa mamilioni, kwa maana katika ule mradi mkubwa swali limekwisha kuulizwa na wengine, na kazi ya mtu wa saba ni kukusanya majibu.

Singida inao ushahidi wa jambo hili. Katika miaka ya 1959 na 1960 mwanaanthropolojia wa Kimarekani, Harold Schneider, alikaa miongoni mwa Wanyaturu akichunguza mifugo yao, mashamba yao na namna wanavyobadilishana mali. Kitabu chake kikatoka mwaka 1970 kwa Kiingereza. Ni kazi ya thamani, na mtu asiidharau. Walakini swali lililoiongoza, kama kanuni za uchumi wa masoko ya Ulaya na Marekani zinafaa kueleza maisha ya wafugaji wa Afrika, lilikuwa swali la mabishano ya wasomi wa huko kwao. Mnyaturu mwenye ng'ombe angeulizwa anataka kujua nini, huenda angetaja ndorobo, au maji ya kiangazi. Si kosa la Schneider. Mwenye kugharimia ndiye achaguaye swali, na hali hiyo haijabadilika hata leo.

Wala fedha ya ng'ambo haina dhamana ya kudumu. Mwaka 2025, Serikali ya Marekani ilipoifunga USAID, miradi ya utafiti iliyotegemea shirika hilo katika nchi nyingi ilisimama, mingine data zikiwa zimekusanywa nusu, na watumishi wa mikataba wakarudi makwao. Mwalimu asiye na mlango mwingine alijikuta hana utafiti kabisa.

Sasa tuje kwenye masharti. La kwanza ni idhini. Mgeni kutoka nje ya nchi sharti apate kibali cha COSTECH, awe na mwenzake mwenyeji, na apate hati ya ukaazi kutoka Uhamiaji. Mwenyeji wa chuo cha umma ana njia fupi zaidi, kwa kuwa barua ya Serikali ya tarehe 4 Julai 1980 iliwapa makamu wakuu wa vyuo mamlaka ya kuwapa vibali walimu na wanafunzi wao kwa niaba ya Serikali. Kibali hicho hakimfikishi mtu shambani moja kwa moja. Barua huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikateremka kwa Katibu Tawala wa Wilaya au Mkurugenzi wa halmashauri, ikafika kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mtendaji wa kijiji, ambaye ndiye hasa atakayewaita watu. Wako walimu wanaoulaumu mlolongo huu kwa kuwapotezea siku. Mimi nauona una maana, kwani mtendaji wa kijiji asiyejua mgeni kaja kufanya nini hana namna ya kuwalinda watu wake.

Utafiti unaogusa afya na miili ya watu huhitaji fauka ya hayo ithibati ya maadili, ambayo kitaifa husimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Hapa Wahadzabe wa Mkalama na wenzao wa bonde la Ziwa Eyasi wanastahili kutajwa, maana watu hawa wachache, waishio kwa kuwinda na kuchuma, wametafitiwa kupita kiasi: meno yao, mwendo wao, usingizi wao, hata vijidudu vya matumbo yao, ambavyo habari zake zilichapishwa katika majarida makubwa ya dunia mwaka 2014 na 2017. Sampuli za damu au za kinyesi haziruhusiwi kutoka nchini bila ya mkataba wa kuhamisha sampuli, unaoeleza zinakwenda wapi, zitatumika kwa kazi gani, na nani atakuwa na haki juu ya matokeo. Mhadhiri atiaye sahihi mkataba huo kama mshirika mwenyeji asiwe muhuri tu. Ausome.

Sharti la pili ni hesabu, na hapa ndipo walimu wengi hodari hujikwaa. Ruzuku ikishaingia chuoni ni fedha ya umma, ingawa imetoka Stockholm. Mwalimu haipewi mkononi. Huomba masurufu kwa safari maalumu, kwa kazi maalumu, na akirudi sharti ayarejeshe kwa stakabadhi na orodha za malipo zenye sahihi, ama sivyo hapati masurufu mengine, na jina lake laweza kuishia mezani kwa Mkaguzi Mkuu. Vifaa navyo, kwa Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST. Yote haya ni mema kwa nia, lakini yaliandikwa na watu wa ofisini. Mzee aliyewaongoza watafiti siku nzima kutoka shamba hadi shamba hana mashine ya risiti. Yule mama aliyewapikia ugali na kuku hana namba ya mlipakodi. Mtafiti mwenye busara huandaa mapema orodha za malipo zenye nafasi ya dole gumba, na mhasibu mwenye busara huzikubali.

Lipo na jambo la majira, ambalo sijaona mfadhili yeyote akilitia maanani. Singida ina msimu mmoja tu wa mvua, tangu Novemba au Desemba hata Aprili, na kiasi chake si kikubwa, baina ya milimita 500 na 800 kwa mwaka. Mwaka wa fedha wa Serikali nao huanza Julai. Andiko likipita Agosti, mkataba ukasainiwa Oktoba, fedha zikaingia Januari, na zabuni ya vifaa ikakamilika mwishoni mwa Februari, majaribio ya alizeti yamekwisha kukosa mvua, na mtafiti atangoja mwaka mzima ilhali mkataba wake wa miezi kumi na minane unahesabu. Wakulima wataambiwa utafiti haukufanikiwa. Nao hawataambiwa kwamba ulichelewa benki.

La tatu ni gharama za uendeshaji. Chuo hukata sehemu ya ruzuku kulipia umeme, maabara, uhasibu na ulinzi, na walimu hunung'unika kana kwamba wamenyang'anywa. Lakini tazama upande wa pili: taasisi za utafiti wa afya za Marekani, NIH, kwa muda mrefu zimeruhusu asilimia 8 tu kwa vyuo vya nchi za nje, ilhali vyuo vya kwao hupata mara kadhaa ya kiwango hicho. Chuo chetu basi huugharimia mradi wa tajiri kwa fedha ya maskini, na hilo ndilo la kunung'unikia.

Serikali imeweka tuzo ya shilingi milioni 50 kwa walimu wanaochapisha katika majarida ya juu ya kimataifa. Ni jambo jema, ila tuzo humlipa aliyefika, na mwalimu wa tawi la mkoani, anayefundisha madarasa makubwa na asiye na ofisi ya kumsaidia kuandika maombi, shida yake ni kuanza safari. Huyo namshauri asiombe peke yake. Dodoma iko umbali wa takriban kilomita 240, na hapo kipo chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 2007. Kituo cha TARI cha Ilonga, kule Kilosa, ndicho kiongozi wa utafiti wa alizeti nchini. Yeye analo ambalo hao hawana: anawajua wenye viwanda vya kukamua, anaijua minada, na anajua kwa nini mkulima huendelea kupanda mbegu ya Record aliyoihifadhi mwenyewe wakati mbegu chotara ziko dukani.

Na halmashauri za Ikungi, Iramba na Mkalama, ambazo hutoza ushuru wa mazao kila msimu, zina swali la kujibu mbele ya madiwani wao: je, katika ushuru huo wa alizeti na vitunguu, hakuna hata sehemu ndogo ya kumlipa mtafiti mmoja ajibu swali walilochagua wakulima wenyewe? Yafaa swali hilo liulizwe sasa, kabla bajeti ya Julai haijafungwa.