Nyonyo za Kutengeneza Dizeli: Jiulize Haya Kabla Hujapanda

Vijana wenzangu wa Ngara na Biharamulo, wengi mnaniuliza kama nyonyo (mbarika) zina soko, maana mmesikia zinatoa dizeli. Ni kweli zinatoa, ila si kwa mashine ya kijijini. Elewa kwanza kazi inavyofanyika, ndipo ujue pa kubana kwenye mkataba.

Mafuta ya mbegu ni mazito na yana oksijeni ndani yake. Ukiyatia mabichi kwenye trekta, taratibu yanaziba nozeli. Kiwandani yanasafishwa kwanza, kisha yanakutanishwa na gesi ya haidrojeni kwenye mtambo wenye mgandamizo mkubwa na joto la nyuzi 300 hadi 400 hivi. Humo mna kichocheo, yaani madini kama nikeli na molibdeni, yanayoharakisha kazi bila yenyewe kuliwa. Oksijeni inatoka, nyingi ikiwa maji. Kichocheo cha pili kinabadili umbo la mafuta ili yasigande kwenye baridi. Hapo unapata dizeli inayoingia kwenye injini ya kawaida, au mafuta ya ndege.

Kichocheo hicho ni ghali na kinaharibiwa na uchafu. Kwa hiyo mbegu zenye mchanga au unyevu zinashusha bei yako.

Jirani zetu Kenya wameanza. Julai 2022 kampuni ya Eni ya Italia ilifungua kiwanda cha kukamua Makueni, kinachotumia nyonyo, kroton na mbegu za pamba. Oktoba mwaka huohuo mafuta ya kwanza yalisafirishwa hadi Gela, Sicily. Umeona? Kukamua kuko karibu na mkulima, kichocheo kiko ng'ambo ya bahari. Mnunuzi akijitoa, mbegu zako zinabaki ghalani.

Kwetu Tanzania tumeshaliona hilo. Kisarawe, Sun Biofuels ilichukua zaidi ya hekta 8,000 kwa ajili ya mbono kaburi. Mwaka 2011 mradi ukaanguka, na wanavijiji waliotoa ardhi wakakosa ajira walizotegemea.

Kwa hiyo, kabla hujapanda:

1. Dai mkataba wa maandishi: bei, tarehe ya malipo na mahali pa kupimia. Mzigo ukipimiwa Nyakanazi badala ya kijijini kwako, usafiri ni wa nani?
2. Usigeuze shamba lote. Mahindi, maharage na migomba vibaki. Anza na kipande kidogo au mipakani.
3. Mashudu ya nyonyo ni sumu, usilishe mifugo. Mbegu ziweke mbali na watoto.
4. Piga hesabu ya alizeti pia. Hiyo unakamua hapahapa, mafuta unauza sokoni, mashudu yanakwenda kwa kuku.

Mtu akikuletea mbegu bila karatasi, mwambie asubiri. Mkataba mlete kwa afisa ugani wa kata yako tuusome pamoja kabla hujasaini.