Kwa nini jirani anaitwa "Mang'ati"? Wairaqw na Wadatoga wa Hanang na Mbulu

Ukikaa kijiweni Masakta, Hanang, au ukizunguka sokoni Mbulu, hutachelewa kusikia neno "Mmang'ati". Wengi wanalitumia kama jina la kabila tu. Lakini neno lenyewe ni la Wamaasai, na maana yake ni adui.

Wenyewe wanajiita Wadatoga, na kundi lao kubwa hapa Hanang ni Wabarabaigi. Majirani zao ni Wairaqw, ambao watu wa mbali wanawaita Wambulu. Je, hawa kweli ni maadui?

Wametoka wapi?

Wadatoga ni Waniloti, wafugaji. Zamani walichunga Ngorongoro, mpaka Wamaasai wakawasukuma kusini. Makaburi ya wazee wao bado yako kule.

Wairaqw ni Wakushi. Wanalima, na mifugo wanayo. Kwa muda mrefu walibanana kwenye milima ya Irqwar Da'aw, upande wa Kainam, kwa kuogopa kuvamiwa. Wakati wa ukoloni uvamizi ulipopungua, wakaanza kushuka na kusambaa hadi Karatu, Babati na Hanang.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Mahali mkulima anapoona pori la kufyeka, mfugaji anaona malisho ya kiangazi. Ng'ombe wakiingia kwenye mahindi, ugomvi wa watu wawili unageuka ugomvi wa makabila.

Nani alichukua malisho?

Mbona lawama zote anabebeshwa jirani? Pigo kubwa kwa Wabarabaigi halikutoka kwa Wairaqw. Kuanzia miaka ya 1970, shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano uwanda wa Basotu, karibu ekari 100,000. Malisho bora yakaenda, na makaburi mengine ya jadi yakapitiwa na trekta.

Wanakijiji wa Mulbadaw walifungua kesi mwaka 1981. Mahakama Kuu iliwapa ushindi, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaipa NAFCO haki juu ya ardhi.

Malisho yakipungua, mifugo lazima iende kwingine. Na kwingine huko kuna shamba la mtu.

Undugu upo

Pamoja na yote hayo, jamii hizi zimeoana vizazi na vizazi. Zipo koo za Wairaqw zenye asili ya Udatoga, na Kiiraqw kimebeba maneno mengi ya Kidatoga. Adui wa kweli humwachii lugha yako wala mabinti zako.

Nini kinasaidia?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu kijiji kupanga matumizi ya ardhi na kutoa hatimiliki ya kimila, hata kwa kikundi. Mwaka 2011, Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, Mbulu, walipata hati ya namna hiyo kwa pamoja.

Kwa hiyo mkutano wa kijiji ukiitishwa kupanga ardhi, nenda, uwe mkulima au mfugaji. Malisho na njia ya ng'ombe visipoandikwa pale, msimu ujao vitagombewa shambani. Na jirani yako mwite jina lake: Mdatoga.